Valsi ya Fidla Isiyokaa Sawa Kwenye Mandolini: Dalili, Chanzo na Tiba

Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa katika jozi nne, na jozi hizo hutuniwa G, D, A na E kuanzia iliyo nene hadi iliyo nyembamba, yaani sawasawa na nyuzi nne za fidla. Kwa sababu hiyo wimbo wa fidla hauhitaji kuhamishwa ufunguo wala kupangwa upya ili uchezwe kwenye mandolini, na valsi (muziki wa kucheza kwa hatua tatu) za asili za Uskoti, Skandinavia na Marekani zimekuwa mazoezi mazuri kwa wapigaji wa Mwanza ambao wengi wao wametoka kwenye gitaa la kwaya au la bendi. Ugumu unaanza baada ya hapo, pale ambapo nota zote zimeshakaririwa na bado wimbo haukai.

Anayejifunza huja na lalamiko lilelile karibu kila mara, kwamba vidole vyake ni vizito. Ukimsikiliza kwa makini utaona kwamba kwa kawaida vidole havina kosa kubwa; hesabu ya mapigo iliharibika mapema, na vidole vinahangaika kuifukuzia. Ndiyo maana hapa tunaanza na mapigo, kisha tunakwenda kwenye sauti, kisha kwenye ala yenyewe, na tunamalizia na kazi ya kumpa mwenzako wimbo bila kuuharibu njiani. Anayeruka hatua za mwanzo na kwenda kununua nyuzi mpya atapata nyuzi mpya na tatizo lilelile.

Dalili: nota zote zipo, lakini haichezeki kama valsi

Hakuna nota iliyokosewa, lakini mtu anayejaribu kucheza kwa hatua tatu anajikwaa, na mpiga ngoma aliyekaa jirani anaanza, bila kuambiwa, kuitikia kwa mdundo wa mapigo mawili. Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika eneo letu, na chanzo chake ni cha kihesabu kabisa.

Kipimo kimoja cha valsi, yaani fungu moja la mapigo linalojirudia, kina mapigo makubwa matatu, na kila pigo likigawanywa mara mbili tunapata nota ndogo sita. Mdundo wa sita kwa nane nao una nota ndogo sita, ila umezikusanya katika mafungu mawili ya nota tatu tatu. Mtu aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria ana sikio lililouzoea sana mgawanyo huo wa pili, kwa kuwa ngoma nyingi za Afrika Mashariki hujenga mwendo wake juu ya mafungu ya tatu tatu, na mara nyingi huweka mafungu ya mbili mbili juu yake kwa wakati mmoja. Huo ni utajiri wa sikio, wala si kasoro. Lakini valsi haiutaki, kwa sababu mcheza valsi anahitaji kusikia pigo la kwanza likiwa zito na mawili yanayofuata yakiwa mepesi, basi.

Njia ya kutambua chanzo iko kwenye mkono wa kulia. Piga nota sita ndogo polepole na utamke kwa sauti mwelekeo wa piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi. Ukijisikia unasema «chini-juu-chini, chini-juu-chini», umeshaingia kwenye sita kwa nane, hata kama mdomoni ulikuwa unahesabu tatu. Mwelekeo wa valsi ni «chini-juu, chini-juu, chini-juu», ambapo kila pigo kubwa linapokewa na piki inayoshuka. Nota inayochukua pigo zima hupigwa kwa kushuka, na mkono hupanda bila kugusa nyuzi ili uwe tayari kwa pigo linalofuata. Mkono ukiacha kupanda wakati hakuna nota ya kupiga, hesabu hupotea papo hapo, na mpigaji hatajua imepotelea wapi hadi afike mwisho wa sehemu.

Tiba yake ni metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mapigo kwa kasi uliyoichagua, lakini isitumike kwa namna iliyozoeleka. Kuiweka igonge kila pigo kunamsaidia mpigaji kwenda sawa bila kumsaidia kujua pigo la kwanza liko wapi. Chukua kasi ya mapigo 96 kwa dakika, kisha iweke metronomu igonge mara 32 tu kwa dakika, ili kila inapogonga pawe mwanzo wa kipimo. Pigo la pili na la tatu unayabeba mwenyewe. Watu wengi hugundua hapo kwamba walikuwa wanalifupisha pigo la tatu ili kuwahi mbele. Ikiwa kasi hiyo ni kubwa mno kwako, anza na mapigo 60, metronomu ikigonga mara moja kwa kila mapigo matatu. Kama programu yako haishuki hadi mara 20 kwa dakika, mwombe mwenzako apige kofi kwenye pigo la kwanza.

Mwenye gitaa anayekusindikiza naye achunguzwe, kwa sababu mara nyingine mpiga mandolini hana kosa lolote. Usindikizaji wa valsi ni besi kwenye pigo la kwanza na kodi mbili nyepesi kwenye la pili na la tatu. Mpigaji wa rithimu aliyezoea dansi hujaza nafasi zote katikati, na akishajaza, valsi imekwisha. Mwombe aondoe, asiongeze. Kama hakuna gitaa, mandolini ya pili inaweza kusindikiza katika ufunguo wa D kwa kodi tatu rahisi, ambazo nazitaja kwa namba za freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo; 0 ni jozi iliyo wazi) kuanzia jozi nene: D ni 2-0-0-2, G ni 0-0-2-3, na A yenye saba ni 2-2-4-3.

Iko hali moja ambayo si kosa la mtu yeyote. Ukisikiliza rekodi kutoka Norwe au Uswidi na kuona kwamba mapigo matatu hayalingani urefu, lakini yanarudia kutolingana kwa namna ileile kila kipimo, inawezekana kabisa kwamba si valsi bali ni springar au polska, ambazo ni ngoma nyingine za mapigo matatu zenye mwendo wake. Usizinyooshe.

Dalili: marudio hayaungani na mwanzo

Valsi nyingi za fidla zina sehemu mbili, kila moja ikiwa na vipimo 16, na kila sehemu hurudiwa kabla ya kwenda kwenye nyingine. Jumla yake ni vipimo 64, yaani mapigo 192. Ukiipiga duru nzima kwa mapigo 96 kwa dakika inapaswa kuchukua dakika 2 kamili, na saa ya simu itakueleza ukweli ambao sikio lako linakuficha. Tofauti ya sekunde chache inayoongezeka taratibu ni kasi inayobadilika. Ikiwa kasi imethibitishwa na metronomu na bado unamaliza mapema au unachelewa, kuna pigo limeliwa au limezidishwa mahali fulani, na mahali hapo karibu siku zote ni mwisho wa sehemu.

Chanzo ni nota za utangulizi. Valsi nyingi hazianzi kwenye pigo la kwanza. Zina nota moja, mbili au tatu zinazotangulia kipimo cha kwanza. Nota hizo hazikutoka hewani, zimekopwa kutoka kipimo cha mwisho. Kama utangulizi una pigo moja, kipimo cha 16 kinabaki na mapigo mawili tu, kisha utangulizi unaingia na kukikamilisha. Anayejifunza humalizia kipimo cha mwisho kwa mapigo matatu kamili, hupumua, halafu ndipo anaanza utangulizi, na hapo tayari amemtupa mchezaji pigo moja nje. Jizoeze vipimo viwili vya mwisho pamoja na viwili vya mwanzo kama wimbo mmoja mfupi unaozunguka, uache vingine vyote kwa muda.

Dalili: nota ndefu zinakufa kabla ya wakati

Fidla ina upinde, nayo mandolini haina. Aliyewahi kumsikia mpiga orutu wa Kijaluo kule Rorya, mwenye uzi mmoja tu na upinde wake, anajua jinsi upinde unavyoweza kuishikilia sauti na hata kuikuza baada ya kuianzisha. Sauti ya mandolini huanza kwa nguvu zake zote na papo hapo inaanza kupungua. Nota ya mapigo matatu ambayo mpiga fidla anaivuta kwa upole, kwako inakuwa kishindo kifupi kikifuatiwa na kimya.

Kabla ya kukimbilia tremolo, yaani kuipiga nota moja harakaharaka mfululizo, chunguza kidole cha mkono wa kushoto. Katika visa vingi nota haifi yenyewe, inauawa na kidole kinachonyanyuka mapema kwenda kutafuta nota inayofuata. Piga nota moja, shikilia, na uisikilize hadi inyamaze yenyewe. Kisha piga wimbo na ulinganishe. Angalia pia kwamba kidole kinabonyeza karibu kabisa na freti, upande wa nyuma yake, si katikati ya nafasi. Mandolini ina jozi, na kidole kilicholala kidogo hubonyeza uzi mmoja vizuri na wa pili nusunusu, ndipo unaposikia mkwaruzo ambao wengi huufananisha na ubovu wa ala.

Kidole kikishatulia, tremolo ina nafasi yake. Kwa kasi ya mapigo 96, mapigo manne ya piki kwa kila pigo la wimbo ni kiasi cha mara sita kwa sekunde, na hiyo inatosha kwa mtu anayeanza. Ianze kwa kushuka, iwe sawa, na iishie palepale nota inapoishia. Kosa la ladha, ambalo nalisikia mara nyingi kuliko kosa la mkono, ni kutia tremolo kwenye kila nota inayozidi pigo moja. Matokeo yake ni wimbo unaotetemeka mwanzo hadi mwisho kama mtu mwenye homa. Ihifadhi kwa nota za mapigo matatu, na hata hizo usizitie zote.

Njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu inaifaa valsi ya kijijini kuliko tremolo, ni kuacha jozi ya jirani iliyo wazi iitikie chini ya melodi. Katika ufunguo wa D, wakati melodi iko kwenye jozi ya A, piki inaweza kuigusa jozi ya D iliyo wazi kwenye pigo la kwanza. Wapiga fidla wa asili hufanya hivyohivyo kwa upinde, na sauti ya chini hujaza pengo bila kulazimisha chochote.

Pale ambapo mpiga fidla anaunganisha nota mbili au tatu kwa mvuto mmoja wa upinde, usizipige zote kwa piki. Piga ya kwanza, ya pili iguse kwa kukigonga kidole cha kushoto juu ya freti. Madoido mengine ya fidla yaache kabisa hadi melodi kavu isimame.

Dalili: mkono wa kushoto unakimbiakimbia

Hili ni la waliotoka kwenye gitaa. Kwenye gitaa kidole kimoja hupewa freti moja. Kwenye mandolini kidole kimoja hushika freti mbili, kama kwenye fidla: cha kwanza freti ya 1 na ya 2, cha pili ya 3 na ya 4, cha tatu ya 5 na ya 6, cha mwisho ya 7. Ngazi ya D inaanza na uzi wa D ulio wazi, kisha freti ya 2, ya 4 na ya 5, halafu uzi wa A ulio wazi na namba zilezile tena. Mkono hausogei hata kidogo.

Dalili: ala haikai kwenye tuni

Katika kipindi cha vuli, Oktoba hadi Desemba, na cha masika, Machi hadi Mei, unyevu wa hewa ya ziwani huongezeka, na mbao ya uso wa mandolini huuvuta. Mbao ikivimba, daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso wa ala, huinuka, nyuzi hupanda juu ya freti, na kubonyeza kunakuwa kugumu. Kuanzia Juni mbao hunywea na nyuzi hushuka, wakati mwingine hadi zinagusa freti na kutoa mlio wa kugongana. Hiyo ni tabia ya mbao, na kwenye mandolini zenye daraja la skrubu mbili tiba yake ni kuizungusha skrubu kidogo baada ya kulegeza nyuzi. Jambo la kuepuka ni joto: ala iliyofungiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Kirumba au Nyegezi inaweza kulainika gundi, na gundi ikilainika chini ya nyuzi nane zenye mkazo wa jumla unaozidi kilo 60, shingo hairudi mahali pake yenyewe.

Kama nyuzi wazi zimetuniwa vizuri lakini kadiri unavyopanda freti sauti inapotoka, shuku daraja. Daraja la mandolini halikugundishwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na lilikwishasogea siku mtu alipotoa nyuzi zote kwa mkupuo. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate mlio wa kengele, kisha ubonyeze freti hiyohiyo. Nota iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze mbele kuelekea shingo. Na tangu siku hiyo, badilisha nyuzi jozi moja baada ya nyingine.

Kupata nyuzi zenyewe ni suala jingine, kwa sababu maduka ya muziki huuza zaidi nyuzi za gitaa. Seti mbili za nyuzi nyepesi za gitaa kavu, zile za 10 hadi 47, zinatoa kila unachohitaji. Vipimo vyake, kwa elfu za inchi, ni 10, 14, 23, 30, 39 na 47. Chukua ya 10 kwa jozi ya E, ya 14 kwa A, ya 23 kwa D na ya 39 kwa G, na zinazobaki umpe mwenye gitaa. Nyuzi za gitaa zina kipande cha shaba mwishoni, ambacho hubanwa na kuvunjwa kwa koleo ili kibaki kitanzi cha kuning'iniza mkiani. Funika macho unapofanya hivyo. Mandolini za kale za mtindo wa Napoli, zenye mgongo wa bakuli, ziachie nyuzi nyepesi zaidi ya hizo, kwani hazikujengwa kubeba mkazo huu. Nyuzi za fidla hazifai kabisa.

Uzi ukinata na kuruka unapoutuni, kisha ukakatika pale pale juu ya shingo, sugua kijifereji unamopita kwa ncha ya penseli. Utelezi wa penseli unatosha.

Dalili: rekodi na ala haziafikiani

Rekodi za zamani za wapiga fidla mara nyingi ziko katikati ya nota mbili, ama kwa sababu mashine ilikwenda kwa kasi isiyo sahihi, ama kwa sababu mpigaji alituni kwa sikio lake. Usiburute nyuzi zako kuifuata. Pandisha au shusha rekodi kwa programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Kupunguza kasi bila kubadilisha sauti kunawezekana hata kwenye YouTube.

Lakini ikiwa melodi inaafikiana na wewe na bado unasikia uvumi wa chini ambao huupati popote, yaelekea fidla hiyo haikutuniwa kwa kawaida. Wapiga fidla wa muziki wa asili wa Marekani hutuni A-E-A-E kwa nyimbo nyingi za ufunguo wa A. Mandolini inaweza kufuata kwa kupandisha jozi ya G hadi A na ya D hadi E, ila ongezeko hilo la mkazo si la kuzoeleka, kwa hiyo zishushe ukimaliza.

Dalili: uliyemfundisha anapiga kitu kingine

Hapa Mwanza njia ya haraka ya kumpa mtu wimbo ni nota za sol-fa, kwa kuwa karibu kila mwanakwaya anazisoma. Zina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba do ya sol-fa huhama: usipoandika juu kabisa «Do ni D», mwenzako ataipiga katika C, nyuzi wazi zitakosa kazi, na atakuambia kwa heshima zote kwamba wimbo wako ni mgumu. Wa pili ni alama ndogo za juu na chini. Tofauti ya s' (ya juu) na s, (ya chini) ni oktavu mbili nzima, na alama hizo ndizo za kwanza kupotea mtu anaponakili kwa simu. Mapigo yaandikwe hivi, ambapo nukta inaligawa pigo mara mbili na kistari kinaendeleza nota:

| d :m .f :s | l :– :s |

Sauti iliyotumwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti hubanwa, na ncha za piki ndizo zinazoumia zaidi. Tuma faili kama hati. Rekodi mara mbili, moja polepole bila madoido na nyingine kwa kasi ya kuchezea, na katika zote uanze kwa kuhesabu «moja, mbili, tatu» kabla ya utangulizi, maana bila hesabu hiyo anayepokea ataidhania nota ya utangulizi kuwa pigo la kwanza, na kosa lililoelezwa juu litazaliwa upya mikononi mwake.

Jina la wimbo na ulikotoka viandikwe pia. Si kila kinachosikika kama cha kale ni cha kale: «Ashokan Farewell», ambayo wengi huichukua kama ombolezo la Uskoti au la vita vya Marekani vya karne ya 19, ilitungwa na Jay Ungar mwaka 1982. Wimbo wa mtunzi aliye hai unalindwa, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Kuucheza nyumbani hakuna neno. Kuuza rekodi yake chini ya maneno «wimbo wa asili» ni jambo jingine.

Ikiwa hayo yote yako sawa na bado kikundi cha Ilemela kinaimalizia sehemu ya pili kwa kushuka huku cha Ukerewe kikipanda, hakuna kilichoharibika. Nyimbo za asili huishi kwa namna zaidi ya moja. Andikeni miisho yote miwili kwenye karatasi moja, mmoja wa mara ya kwanza ya sehemu hiyo na mwingine wa marudio yake, na siku ya kupiga pamoja kila upande utakuwa na mahali pake.